Madishi Mawili ya Bi Nyaya

"Shoga, yule fundi wenu akili zimemruka," jirani yangu mshonaji aliniambia dirishani, pini mdomoni. "Amelala chali juu ya paa la zahanati, jua lote hili, anatazama mawingu. Mume kamkimbia, nakwambia."

Mume hakumkimbia. Asubuhi ile ile nilimwona anamshikia ngazi. Lakini kulala juu ya paa, kweli alilala. Nilimfunga mwanangu mgongoni, nikaenda kuchungulia.

Fundi huyo tunamwita Bi Nyaya, maana hata kwenye mkoba wa kwendea harusini hakosi kipande cha waya. Ana mwili mkubwa na sauti ndogo, na akishika kazi hupiga mluzi. Ndiye aliyefunga intaneti ya setilaiti pale zahanati, ili daktari wa moyo aliye mbali awaone watoto wetu kwenye skrini.

Mwanangu akinyonya hutoka jasho, huhema kama aliyekimbia. Muuguzi alimsikiliza moyo, akasema una mlio. Siku ya kumpima, picha ikaganda. Ikarudi, ikaganda tena. Daktari akasema kwa picha ile hawezi kujua kitu, nimpeleke hospitali kuu, kutwa nzima kwenye basi. Mtoto anayehema kwa kunyonya tu! Nililia pale mlangoni, na Bi Nyaya akaniona. Hakunipa pole. Alisema, "Hilo niachie mimi," akaondoka.

Akaleta dishi la pili. Akalifunga ubavuni mwa la kwanza, kwenye bomba moja, kama pacha kitandani. Picha ikaganda vile vile. Ndiyo sababu alipanda akalala pale: alitaka kuiona anga kama madishi yanavyoiona.

"Hizi setilaiti hazikai, mama, zinapita!" alinipigia kelele kutoka juu. "Zikipita nyuma ya tangi la maji, dishi linapofuka. Na mimi nimeyapanga yote mawili nyuma ya tangi moja. Fundi mzima!" Akacheka mpaka mabati yakalia.

Dishi la pili akalihamishia pembe ya mbali ya paa. Chini, kwenye chumba cha vipimo, akaweka kisanduku cha kuyaunganisha.

"Si kwamba moja linalala likingoja mwenzake afe," alinieleza huku akifuta mikono kwenye gauni. "Yanabeba pamoja muda wote. Moja likipofuka, mwenzake anao mzigo tayari mkononi."

Siku yetu ilipofika tena, daktari alikuwa kwenye skrini, anaongea na muuguzi. Mimi nilisimama mlangoni nimemkumbatia mwanangu.

"Na ikiganda?" nilimuuliza Bi Nyaya.

"Haigandi."

"Hata mara ile tuliambiwa hivyo hivyo."

"Mara ile alisema aliyeuza dishi. Leo nasema mimi."

Mtoto alikuwa akihema shingoni kwangu. Bi Nyaya akamtazama, akanitazama, kisha akanishika mkono taratibu mpaka kwenye kisanduku, akavifunga vidole vyangu juu ya waya wa dishi la kwanza.

"Nakuomba kitu kimoja, mama," alisema. "Chomoa wewe mwenyewe, sasa hivi, daktari akiwa bado anaongea. Akiganda, panda basi lako, mimi nitakubebea mizigo. Asipoganda, mvue mtoto fulana."