Viatu vya Linda: muuguzi wa Nyamira na msako wake wa Jumapili sokoni Keroka

Jumapili asubuhi, jua bado halijapasha mabati ya vibanda vya Keroka. Orpah Mokeira ameinama juu ya fungu la viatu vya mitumba lililomwagwa kwenye turubai, sketi ameikusanya magotini. Mikono yake inakwenda kasi kama ya mtu anayepalilia huku wingu limekaribia. Anainua kiatu, anakikunja, anakitupa. Anainua kingine, anachungulia soli, anakitupa.

"Sista, hicho ulishakitupa," mwenye mali, Ochanda, anamwambia.

"Nakitupa tena ili kijue."

Orpah, 47, ni muuguzi katika wadi ya wazazi ya hospitali moja kaunti ya Nyamira. Kuwatafutia watu viatu hakumo katika mkataba wake wa kazi. Alianza mwenyewe, baada ya kuwaona wenzake wakimaliza zamu ya saa kumi na mbili wakitembea kama wanaokanyaga makaa. Leo zaidi ya nusu ya wauguzi wa wadi hiyo wamevaa viatu alivyowachagulia yeye.

Asubuhi hii anatafuta jozi moja tu, ya mkunga mwenzake, Linda Nyanchoka.

Miaka mitatu iliyopita Linda alianguka na bodaboda karibu na Mosocho. Mguu wa kushoto ulivunjika. Ulipopona, upinde wa unyayo ulikuwa umelala, na mguu ukawa mpana na mrefu kuliko wa kulia kwa saizi nzima. Akivaa arobaini, vidole vya kushoto vinakufa ganzi. Akivaa arobaini na moja, mguu wa kulia unaogelea ndani ya kiatu, na sakafu ya chumba cha kujifungulia haikosi maji.

Mwezi uliopita aliteleza akiwa amembeba mtoto mchanga. Mtoto hakuumia. Siku hiyohiyo Linda alikwenda kwa matroni akaomba ahamishiwe kliniki ya chanjo, ambako kazi nyingi hufanywa mtu akiwa ameketi. Matroni atampa jibu kesho.

Kwa Orpah, jibu hilo si la Linda peke yake. Amepata nafasi ya kusomea ukunga wa ngazi ya juu mjini Kisii kwa mwaka mmoja, kuanzia Septemba. Ameshaiahirisha mara mbili kwa kukosa mtu wa kumwachia wadi.

"Linda akienda chanjo, mimi siendi popote," anasema, macho yakiwa bado kwenye turubai. "Wale wengine ni wazuri, lakini bado wachanga. Mama akianza kuvuja damu, unataka mtu ambaye hatetemeki."

Madukani hawauzi kiatu cha mguu mmoja. Jozi mpya ya aina wanayoitaka ni Sh6,500, na Linda angelazimika kununua mbili ili avae nusu ya kila moja. "Halafu watoto niwapikie soli?" aliuliza alipopigiwa hesabu hiyo.

Anachokitafuta Orpah hakina siri. Kiatu kikunjike penye vidole, kisikunjike katikati. Kisigino kishike. Mbele pabaki nafasi ya upana wa kidole gumba cha mkono. Juu kuwe kumefunikwa, maana sindano huanguka na damu hutiririka. Kioshwe kwa sabuni na kikauke kabla ya zamu inayofuata. Rangi ni jambo la mwisho.

Miguu huipima jioni tu, baada ya zamu, ikiwa imevimba. Huichora kwenye katoni kisha huikata kwa mkasi wa kushonea. "Asubuhi kila mtu ana miguu ya bibi harusi," anasema.

Shida ya leo ni kwamba amechelewa. Robota hili la viatu lilifika Ijumaa jua likizama, na Ochanda akalifungua Jumamosi asubuhi. Orpah ni Msabato. Jumamosi hanunui, wala hamtumi mtu amnunulie. Kufikia adhuhuri kamera, yaani vile viatu safi vinavyonyakuliwa kwanza, ilikuwa imekwisha.

"Nilikupigia simu," Ochanda anajitetea.

"Ilikuwa imezimwa. Nilikuwa kanisani."

"Sasa mimi Mkatoliki nifanye nini, Sista? Nikalie robota?"

"Ungenifichia hata moja, Baba Aketch," Orpah anasema, akimwita Ochanda kwa jina la mwanawe.

"Nifiche wapi? Wamama wa jana walikuwa wanavuta viatu mkononi mwangu. Nilibaki nimeshika kamba!"

Pembeni ameketi Machogu, fundi wa viatu, akijaza gunia. Kila robota likiuzwa, yeye hununua masalio kwa bei ya jumla na kwenda kuyachuna soli. Kutoka kwenye mdomo wa gunia lake kumechomoza kisigino cheusi. Orpah anakiona na kunyooka.

"Machogu, hiyo ni nini?"

"Hiyo ni takataka, Omong'ina," fundi anajibu, akitumia jina la heshima kwa mama mtu mzima. "Saizi hazilingani. Wazungu pia huchanganyikiwa."

"Hazilingani vipi?"

"Ya kushoto ni kubwa, ya kulia ni ndogo."

Orpah tayari amenyoosha mkono. Anageuza soli: kushoto arobaini na moja, kulia arobaini. Mtindo ni uleule, ngozi ni ileile. Anakunja. Vinakunjika penye vidole. Anavitumbukizia vipande vya katoni vya miguu ya Linda, kimoja kimoja, na kila kimoja kinalala mahali pake. Anamwaga maji kwenye kigae mbele ya kibanda na kusugua soli juu yake kwa nguvu. Soli inashika.

"Yaya!" anapiga kelele kwa Ekegusii, yaani hapana, kana kwamba anakataa. "Yaya, yaya, yaya!"

Wauza ndizi wa ng'ambo ya barabara wanakuja mbio kuona nani ameumia.

Machogu ndiye wa kwanza kuelewa. "Kumbe ni mali! Basi bei imepanda. Gunia nimeshalilipia."

"Machogu, mke wako alijifungulia wapi?"

"Kwako, Sista."

"Kwangu na kwa nani?"

Fundi anakuna shingo. "Na kwa Linda."

"Ehe. Sasa taja bei."

"Nipe ya soli tu," anasema Machogu, na wauza ndizi wanampigia makofi.

Orpah hataki liitwe muujiza. "Andika ilivyo. Huko vilikotoka, mtu alifunga viatu vibaya. Wateja wa jana waliona kasoro. Mimi nilikuwa na miguu inayoingia kwenye hiyo kasoro."

Lakini katoni haisikii maumivu. Jioni Linda anapomaliza zamu, wenzake wanajipanga ukutani kwenye korido. Anavaa. Anatembea hadi mlangoni, anageuka, anachuchumaa kama anayempokea mtoto, anasimama.

"Vipi?" Orpah anauliza.

"Ngoja kwanza." Anarudia. "Leo miguu yangu inakaa nyumba moja."

Korido inalipuka kwa vigelegele mpaka mgonjwa mmoja anatoa kichwa kuuliza kama amezaa mtu mkubwa. Hata hivyo Linda hatoi ahadi. "Kesho nitaingia navyo kazini. Nikitoka ndipo nitasema."

Jumatatu haikuwa siku ya kukaa. Wanawake wanne walijifungua, na mmoja alivuja damu nyingi. Linda alisimama kando ya kitanda chake hadi damu ilipokatika. Baada ya zamu alikwenda kwa matroni kuondoa ombi lake. Matroni alipouliza sababu, Linda aliinua mguu juu ya stuli na kumwonyesha.

Orpah ameshapiga simu chuoni kuthibitisha kwamba Septemba atafika, na amepata chumba cha kupanga huko Suneka, karibu na mji wa Kisii. Akirudi anataka kuongoza mafunzo ya wakunga wapya Nyamira, ili asiwepo tena muuguzi anayekosa kwenda kusoma kwa sababu wadi inamtegemea yeye na mwenzake mmoja tu.

"Mwaka mzima wa kukaa darasani," anasema akicheka, huku akikabidhi zamu. "Hata sijui nitavaa nini."

"Vaa chochote," Linda anamjibu bila kugeuka, akielekea chumba cha kujifungulia, ambako mama mmoja ameanza kuita. "Mimi ndiye nitakayesimama."