Pini Nene ya Matonya

Matonya wa Gulwe alikuwa mhunzi mwenye mdomo mwepesi kuliko nyundo yake, na kabla ya Wajerumani kuleta reli hakukosa kazi. Reli ikaja na majembe ya Ulaya, watu wakayakimbilia, naye akabaki kupiga soga na fuawe. Mwishowe akaifunga mivukuto yake katika kaniki kuukuu ya mkewe, Ruthu, aiache kwa shemeji yake, yeye akabebe mataruma ya reli. Mbele za watu alicheka, lakini moyo ulimuuma vibaya sana.

Asubuhi ya kuondoka akafika mke wa bwana stesheni, mkononi ana ua la dhahabu ambalo pini yake ya nyuma imekatika.

“Fundi, nitengenezee broshi yangu.”

“Ni ya kazi gani, bibi?”

“Kubania nguo kifuani. Jina tumelipata kwa Wafaransa, na asili yake ni kijiti cha kuchomea nyama.”

Kijiti cha nyama! Mgogo gani asiyekijua? Matonya akafungua furushi, kaniki akaitupa kando, akavukuta, akafua pini ya kubeba mbavu za mbuzi mzima. Yule bibi akaiweka kwenye blauzi yake laini, akacheka hadi machozi.

“Fundi, mimi si mbuzi!”

Matonya naye akacheka, ingawa aibu ilimshika. Akafua nyingine, nyembamba, akaifunga nyuma ya ua, na mgeni akaondoka ameridhika. Ile nene ikabaki chini.

Basi, safari ni safari. Akageuka kuitafuta kaniki afunge tena mivukuto.

Ruthu alikuwa ameivaa. Begani ameibana kwa pini ile nene, na yuko kwenye kinu anatwanga kwa mikono miwili. Tangu aolewe alikuwa akitwanga huku fundo la nguo kaliuma kwa meno. Sasa kaniki haikusogea, na mdomo, ukiwa huru, ulikuwa unaimba.

Jirani zake, Hana na Anyesi, walikwisha kusimama uani.

“Shemeji,” Hana akasema, “na mimi nataka ya kwangu.”

“Ruthu, nipe kaniki nifungie mivukuto.”

“Nimeivaa. Tafuta kitu kingine, kama unacho.”

Matonya hakuwa nacho. Akaketi, akavukuta.