Geji Mpya ya Boila

Mbegu ya pamba ikipata joto hutoa harufu nzito, kama ya karanga zilizoanza kuungua. Ndiyo harufu ya msimu ule tulipobaki wawili, baba na mimi, katika chumba cha wafanyakazi wa kinu cha kuchambua pamba, kando ya ziwa, nje kidogo ya Mwanza. Mama alikuwa amefariki wakati wa masika. Wadogo zangu walichukuliwa na shangazi, Usagara. Mimi, binti wa miaka kumi, nikaachwa nimpikie baba. Hakuwa mkali. Alikuwa ameishiwa maneno tu. Tulisali, tukala, tukalala, na sauti niliyoisikia zaidi ilikuwa ya mawimbi yakipiga mawe.

Baba alichochea moto wa boila iliyoendesha mitambo. Juu yake palikuwa na geji ya kupimia nguvu ya mvuke, duara kubwa la shaba lenye mshale mmoja. Ilikuwa imechakaa: hata boila ikiwa baridi, mshale ulisimama kwenye kumi, kwa hiyo kila kipimo ilibidi kipunguzwe kumi. Tena moshi ulikuwa umemharibu baba macho, jambo alilolificha asije akaachishwa kazi. Asubuhi alikisia kwa mlio wa mitambo. Nikitoka shule nilimpelekea ugali, nikawa macho yake.

“Ngapi?”

“Sabini.”

“Toa kumi.”

“Sitini.”

“Vema, mwanangu.”

Kwa siku nzima, hayo ndiyo yalikuwa mazungumzo yetu. Niliyangoja tangu darasani.

Siku moja fundi alileta geji mpya. Akaifungua ile kuukuu kwa spana, akafunga mpya, akatuonyesha mshale ulivyolala kwenye sifuri. Alimwambia baba kwamba sasa hakuna tena hesabu za kichwani. Baba aliitikia. Mimi niliitazama ile ya zamani ikitupwa kwenye ndoo ya vyuma chakavu. Alasiri ile baba akauliza ngapi, nikasema sitini, na kweli ilikuwa sitini. Ulimi wake ukafuata mazoea ya miaka yote: “Toa kumi.” Nilijua amekosea. Nilijua pia kwamba nikimsahihisha, mazungumzo yetu yamekwisha. Nikajibu hamsini. Akaongeza kuni.

Haukupita muda, valvu ya usalama ikafyatuka, mvuke ukatoka kwa mlio uliowakimbiza wanawake waliokuwa wakichagua pamba mpaka ufukweni. Hakuna aliyeumia, namshukuru Mungu kwa hilo hadi leo. Nyapara wa kinu akaja amelowa jasho.

“Mzee, ulitaka tufike mbinguni kabla ya Jumapili? Nani alisoma geji?”

“Nimesoma mwenyewe,” baba akasema, bila kunitazama.

Nyapara akamwambia basi aisome tena, pale pale aliposimama. Baba alikodoa macho muda mrefu. Kisha akainamisha kichwa. Kesho yake alipewa ufagio wa kufagia ghala la mbegu, na hakuurudia moto tena.

Jioni ya siku ile ya mvuke, njiani kuelekea chumbani, nilimweleza yote, kwamba nilijua na kwa nini nilinyamaza. Nilingoja kofi. Akasema, “Siku nyingine ukitaka nikuongeleshe, niambie.” Halafu, kwa shida, kama mtu anayeinua gunia, akaniuliza shuleni tulifundishwa nini.

Nimekula chumvi nyingi, nimefundisha katekisimu watoto wa watu, na Mungu amenipa nyumba Nyegezi ambayo mchana kutwa haisemi kitu. Binti yangu hunipigia kutoka Dodoma kila Jumapili baada ya misa. Huniuliza kama nimekula, kama nimemeza dawa, nami namjibu ndiyo, ndiyo, kwa sauti ile ile ya baba. Kisha kinakuja kimya, nasikia anajiandaa kuaga. Miaka mingi nilimwachia akate. Siku hizi namwambia, “Usikate kwanza, mwanangu. Nataka tu tuongee.”