Nukta Tatu Chini ya Gari

Baba alikuwa na tabia ya kutia alama kila chuma chake. Kule kijijini kwetu, Kwanza, majembe huazimwa msimu wa palizi na kurudi yakiwa majembe mengine, kwa hiyo alipiga nukta tatu kwa msumari na nyundo kwenye jembe, kwenye toroli, kwenye mizani. Hata gari lake kuukuu, alilolinunua kabla sijazaliwa, alilitia nukta tatu kwenye injini na kwenye giaboksi. Mama alimcheka sana.

Klachi ilipoanza kupiga kelele, alilipeleka Kitale kwa fundi tuliyesali naye kanisa moja. Ilikuwa beringi tu, lakini kuifikia lazima giaboksi ishushwe. Gari lilirudi baada ya wiki mbili, na gia ya pili ikawa inachomoka yenyewe kila mlima. Baba alipolalamika, fundi alimjibu pale nje ya kanisa, watu wakisikia.

"Mzee, mguu umeisha nguvu. Hukanyagi klachi mpaka chini, umesaga gia zote. Si uachie vijana waendeshe?"

Watu walicheka. Baba, aliyeendesha miaka yote hiyo bila kugonga hata mbuzi, alirudi nyumbani akatundika ufunguo ukutani. Hata kanisani akaacha kwenda. Miaka miwili alishinda kwenye kiti barazani, akitazama barabara. Nilimchukia yule fundi kabla sijajua kosa lake.

Mimi nilikuwa nafundisha Bungoma. Hatimaye baba alinipa gari, nikaliteremsha polepole huku nimeishikilia gia ya pili kwa mkono, mpaka kwa fundi wa huko. Aliposhusha giaboksi niliifuta kwa dizeli pande zote, nikitafuta alama ya baba. Hakuna.

"Hii imetoka gari ingine," fundi akasema. "Angaria vizuri. Umebadirishiwa, madam."

Sikulia. Nilifurahi, furaha mbaya, kwa sababu nilikumbuka kwamba fundi wa Kitale naye alikuwa na gari la aina ileile, na kwamba siku hizi lilipanda milima bila kulalamika.

Jumapili iliyofuata nilivaa gauni langu jeupe. Ibada ilipokwisha pale kanisani kwetu nilimngoja fundi wa Kitale afike kwenye gari lake, watu wakiwa bado wanasalimiana, nikatandika leso kwenye nyasi nikaingia uvunguni.

"Madam, unafanya nini? Utajichafua bana!" fundi akapaza sauti.

Nilifuta grisi kwa ncha ya leso, nikamulika kwa tochi ya simu. Nukta tatu. Nikawaita wazee wa kanisa mmoja mmoja, nao wakapiga magoti na suti zao wakaona. Walijua alama ile. Nusu yao walikuwa wamewahi kuazima jembe la baba.

Fundi alininong'oneza kwamba ataturudishia. Nilimwambia giaboksi baadaye, kwanza aseme kwa sauti ileile ya siku ile kwamba mguu wa baba haukuharibu kitu. Alisema. Nikamwambia arudie, wa nyuma hawakusikia. Nilisikia raha, na mpaka leo sijaitubia.

Giaboksi ilirudishwa mahali pake Bungoma. Nililipeleka gari nyumbani Kwanza, nikamketisha baba nyuma ya usukani. Alicheka, akafuta viganja kwenye suruali, akakanyaga klachi. Ilifika nusu, mguu ukaanza kutetemeka. Alijaribu tena, safari hii akilisukuma goti kwa mikono miwili, akatia gia. Gia zikapiga yowe.

"Basi, mama," akaniambia. "Alisema kweli."

Siku aliyosema haikuwa kweli. Ilikuja kuwa kweli kwenye kile kiti cha barazani.

Tangu hapo dereva ni mimi, baba kando yangu. Kila tukifika mbele ya gereji ile ya Kitale natia gia ya pili, ambayo haichomoki, naenda polepole na kupiga honi mpaka mwenyewe atoke nje. Baba huniomba niache. Siachi.