Samli Ndani ya Breki

Nakumbuka Alhamisi moja, mwanangu, nimelala chini ya gari, jua limeniunguza nyayo, nalia kwa hasira kwa sababu ya kipande cha chuma. Leo nimeikumbuka kwa sababu yako. Jana nilipita hapo kwako Galbet nikakuona umelala vilevile, unaigonga dramu ya breki kwa nyundo kama mtu anayedai haki yake. Nilikusalimia, hukunisikia. Nikaenda zangu msikitini, na sala yangu nzima nilisikia ile nyundo, Mungu anisamehe.

Basi kaa. Chai ipo, na hilo gari halikimbii, kwani si ndiyo shida yake.

Zilikuwa siku za vita vya shifta, wale waasi wa porini. Uhuru ulikuwa umekuja juzijuzi, na sisi huku hatukujua vizuri kama ni wetu au ni wa jirani. Wapo waliotaka twende na Somalia, wapo waliotaka tubaki, na wengi tulitaka tu ngamia wapate maji. Leo askari anakuuliza kwa nini unawalisha shifta, kesho shifta anakuuliza kwa nini unasema na askari. Nilikuwa na miaka ishirini na mmoja na sikujua nianze kumwogopa nani. Msidhani wazee wenu walielewa mambo yale. Tulikuwa tunapapasa tu.

Baba yangu alikuwa amekwama Wajir, njia zimefungwa. Nyumbani aliacha pikapu kuukuu, nayo kwa wiki kadhaa haikuruhusiwa kutembea. Nilibaki mimi na shangazi yangu Batula, dada wa baba, ambaye kwetu huitwa edo, pamoja na binti yake Hubi. Hubi alikuwa na mimba ya miezi tisa. Mumewe alitoka na ngamia kwenda upande wa Dadaab, na habari zake zikakatika. Kama yuko na mifugo, kama ameingia porini na bunduki, kama amekufa, hatukujua, na hata kuuliza kwa sauti kulikuwa na hatari yake.

Jumatano ile dresa, mganga msaidizi wa zahanati, alimpima Hubi akasema mtoto amelala kwa ubavu tumboni na hapa Garissa hatazaliwa salama. Apelekwe Thika, kwenye hospitali kubwa. Lakini siku hizo gari halikutoka peke yake. Lilitoka ndani ya msafara, askari mbele na nyuma, na kibali mkononi. Msafara ungeondoka Ijumaa baada ya sala, na wa baada ya huo hakuna aliyejua ungekuwa lini. Nikapanga foleni nusu siku, nikapata kibali, nikarudi nyumbani kifua mbele. Nikawasha pikapu, nikatia gea, nikakanyaga moto. Haikwenda. Gurudumu la mbele la kushoto lilikuwa limeshika, linaburuzika kwenye mchanga kama mguu uliovunjika.

Fundi wa mji alikuwa Mkamba mmoja mpole, lakini vita vilipoanza alifunga kibanda akarudi kwao. Mimi niliwahi kuwa tanboi, yaani utingo wa lori, kwa hiyo nilijiona fundi. Ukweli ni kwamba kila gurudumu lilipofunguliwa mimi nilitumwa chai. Nilijua kufungua nati na kufunga nati. Kilichokuwa katikati sikukiona hata siku moja.

Alhamisi alfajiri nikapiga jeki, nikatoa gurudumu. Nikafungua zile skrubu mbili zinazoishika dramu, lile bakuli la chuma linalofunika breki. Nikavuta. Ilicheza kidogo, kisha ikakataa. Nikazungusha, ikazunguka robo, ikashika. Nikagonga pembeni, nikagonga nyuma, nikaingiza mtaimbo nikaning'inia juu yake kwa uzito wangu wote. Mwanangu, sikuelewa. Skrubu zimetoka, hakuna kinachoishika, na bado imeshikwa. Nilikaa chini nikaitazama kama inayonificha kitu. Nilichanganyikiwa hata nikawaza labda kuna mtu ameniloga, na ningemjua ningekwenda kumwomba radhi.

Ndipo nikapata wazo, na wazo hilo ni la mtoto wa wafugaji. Unajua kwetu samli ni dawa ya kila kilichokaza. Kamba ya kisima ikikauka, samli. Kifuniko cha chombo cha maziwa kikigoma, samli. Ndama akikwama wakati wa kuzaliwa, mchungaji hujipaka samli hadi kwenye kiwiko, akaingiza mkono akamtoa. Nilishaona kwa macho yangu. Basi nikaingia ndani kimyakimya, nikachukua kibuyu cha samli alichowekewa Hubi anywe akishajifungua, nikaipasha moto na kuimimina yote kwenye ufa nyuma ya dramu. Nikangoja. Nikavuta. Haikutoka.

Hapo ndipo nililia. Edo Batula akatoka jikoni, akanikuta na nyundo mkononi na kamasi puani. Yeye hakuwahi kufungua hata mlango wa gari, alipopanda, alifunguliwa. Ngamia wake wote walikuwa wamechukuliwa na askari mwezi uliotangulia, na tangu siku ile alikuwa amepunguza maneno. Akachuchumaa, akaitazama ile dramu, akatazama nyundo.

"Ngamia akizuia maziwa," akasema kwa Kisomali, "huwa anayazuilia wapi?"

Nikasema ndani.

"Sasa chuchu unaipigia nini?"

Akanikumbusha jambo ninalolijua tangu utoto: ngamia aliyefiwa na ndama hakamuliki hata umvute hadi kesho. Huletewa ngozi ya ndama wake, akainusa, akatulia, na maziwa yakashuka yenyewe. Akaniambia nitafute kwanza kinachoshika huko ndani, kisha akaondoka, maana Hubi alikuwa anaita.

Nilikasirika. Mwanamke mzee, gari analijulia wapi? Lakini asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na mimi guu nilikuwa nalihitaji. Nikatambaa upande wa nyuma wa gurudumu, ambako sikuwa nimetazama hata mara moja. Nikapangusa tope la mto lililokauka. Chini ya tope kulikuwa na bolti ndogo, kichwa chake kimechomoza. Nikaitia spana. Nikazungusha upande mmoja, dramu ikakaza zaidi. Nikazungusha upande wa pili, nikasikia kitu ndani kinaachia. Dramu nikaigonga kidogo tu kwa kiganja, ikanijia mikononi kama sahani.

Ndani kumbe kuna vipande viwili vya chuma vilivyopinda, mafundi huviita shuu, vimevikwa ngozi ngumu ya breki. Vyenyewe ndivyo vinavyojitanua na kuishika dramu kutoka ndani. Vilikuwa vimetanuka na kushikana na kutu. Mimi huku nje nilikuwa napigana na mtu ambaye sikumwona uso.

Ningeishia hapo, mwanangu, ningekuwa nimekupa hadithi nzuri ya kujisifu. Lakini zile shuu zilikuwa zinang'aa. Samli yote ya Hubi ilikuwa imekaa juu yake. Nikazifuta kwa kitambaa mpaka nikaona zimekauka, nikarudisha kila kitu, nikazunguka uani polepole mara mbili, na pikapu ikasimama nilipoiambia isimame. Moyo haukutulia. Kitu kiliniambia breki na mafuta havipatani, lakini sikuwa na hakika, na hakuna wa kumuuliza.

Ijumaa asubuhi Edo alikuwa anafunga mzigo. Akaniuliza, "Samli ya Hubi iko wapi?"

Nikamjibu imemwagika.

Akanitazama. Akauliza imemwagika wapi. Nikasema uani, mchanga umeinywa. Akaendelea kufunga mzigo wake. Kwa nini nilidanganya, mpaka leo sijui vizuri. Nadhani niliona haya: mwanamume mzima, ameiba chakula cha mzazi akakimwaga kwenye chuma.

Baada ya sala tukatoka. Hubi katikati, ameng'ang'ania dashibodi, jasho linamtiririka na hasemi. Edo mlangoni. Barabara ya kuelekea kizuizini huteremka kidogo upande wa mto, na huko msafara ulikuwa umekwisha kujipanga: malori mawili, gari la polisi, na gogo la kuzuia njia. Kulia kulikuwa na kibanda cha magunia ya mchanga, askari wanne ndani yake. Na ujue, mwanangu, siku hizo gari lisilosimama kizuizini halikuulizwa jina. Tuliwazika watu wa magari kama hayo.

Nilikanyaga breki mapema. Kumbe gurudumu nililolifunga nilikuwa nimelikaza mno, njia nzima linasuguana na kupata moto, na ile samli iliyojificha ikayeyuka. Upande wa kulia ukashika, upande wa kushoto ukateleza. Pikapu ikageuza uso ikaelekea moja kwa moja kwenye magunia. Niliona bunduki nne zikiinuka. Nikapinda usukani kwa nguvu zangu zote, tukatoka barabarani na kuingia kwenye ua wa miiba, na injini ikazima. Hubi akapiga ukelele mmoja tu. Nikanyoosha mikono nje ya dirisha na nikaanza kutoa shahada.

Koplo mmoja mrefu, mtu wa bara, akaja na bunduki imeelekea kifuani kwangu. Akauliza kwa nini sikusimama.

"Breki iko na samli, afande."

"Iko na nini?"

"Samli ya kubika. Mimi nilitia. Gurudumu ilikataa kutoka."

Akafikiri namfanyia mzaha, nikaona kidole chake kikisogea kwenye kifyatuo. Akauliza mume wa huyu mwanamke yuko wapi. Hatukujua, na hakuna jibu ambalo lingetusaidia. Kisha nikaona pua yake inacheza. Kutoka kwenye gurudumu la kushoto ulikuwa unapanda moshi mwembamba, na ulinukia kama jiko la harusi. Yule koplo akainama, akanusa. Akanusa tena. Akashusha bunduki akasema, kwa sauti ya mtu aliyechoka, kwamba tangu aletwe kwenye vita hivi hajaelewa jambo hata moja, na sasa hili.

Kisha akamtazama Hubi, akaita wenzake. Wakamshusha kwa uangalifu, wakampandisha mbele kwenye lori la msafara, pembeni ya dereva, na Edo pembeni yake. Nafasi ilikuwepo. Ilikuwepo tangu asubuhi. Hakuna aliyekuwa ameiomba, kwa sababu nani angekwenda kuomba kitu kwa askari?

Kabla lori halijaondoka, Edo Batula akaniita dirishani. Nilidhani atanilaani.

"Jana ulikuwa umekwama, nikakusaidia," akasema. "Leo nimekuuliza mara mbili. Ulimwogopa nani, mimi?"

Lori likaondoka na vumbi lake.

Koplo hakwenda na msafara. Alinikalisha chini kivulini, nikangoja kupigwa. Badala yake akaleta petroli ndani ya kopo na kipande cha msasa, akatoa dramu kwa mikono yake, akanioshea zile shuu na kuzisugua mpaka zikarudi rangi ya vumbi. Kumbe alikuwa dereva kabla ya kuvaa sare. Aliniambia petroli kwanza, msasa baadaye, na kama ngozi imelowa sana itupwe, usiihurumie. Jina lake sikuuliza. Wiki ile ile, katika kijiji kingine, askari wa sare hiyo hiyo walifanya mambo ambayo sitayasimulia juu ya chai. Nimejaribu miaka yote hii kuwaweka watu wale katika kichwa kimoja na nimeshindwa. Ukiweza wewe, nieleze.

Hubi alijifungua huko Thika kwa kisu, mtoto wa kike. Walirudi baada ya siku arobaini, wembamba lakini wazima. Mungu si Athumani. Mumewe hakurudi, na mpaka leo hakuna aliyetuambia kaburi liko wapi.

Sasa sikiliza, maana chai imepoa. Kinachogoma kutoka, usikipige kabla hujajua nini kinakishika ndani. Zunguka nyuma, lala chini, pangusa tope, tafuta hiyo bolti ndogo uilegeze. Hata mke, hata mtoto, hata serikali, wengi wameharibiwa na nyundo zilizopigwa kutoka nje. Hilo ni dogo. Kubwa ni hili: ukikosea, sema asubuhi. Mficha maradhi kifo humuumbua, na mimi kifo kilikuwa hatua kumi kutoka kwenye kioo, kingembeba hata mtoto ambaye hajazaliwa, kwa sababu niliona haya ya kibuyu kimoja cha samli. Nafasi kwenye lori ilikuwepo. Mara nyingi huwepo.

Nyundo yako nimeichukua jana nilipotoka msikitini, ulipoingia kunywa maji, iko kwangu, usiitafute. Spana nimekuachia. Na jioni nenda kamsalimie mama yako, mwambie kwamba mimba aliyokuwa nayo Hubi siku ile ilikuwa yeye, kama hajakusimulia mwenyewe. Mwambie mjomba anauliza hali.

Mungu akulegezee kila kilichokaza, akianzia ndani. Akupe ulimi wa kusema mapema na sikio la kumsikia asiyejua gari. Na siku utakapokanyaga breki, mwanangu, asimamishe Yeye.