Boti Iliyozungushiwa Ukuta

Nianze na upumbavu wangu, maana hata nikiuficha majirani watausema: nilijenga ukuta kuizunguka boti, nikasahau kuiachia pa kutokea.

Sikuwa mlevi wala mgonjwa. Nilikuwa na akili zangu zote, zilezile nilizotoka nazo kidato cha nne, ambazo sijawahi kuziongezea nyingine. Nilikuwa nimenunua geti la mtumba lililong'olewa kwenye nyumba ya mtu huko Mikocheni, geti zuri la chuma lenye maua, upana wake wa kupitisha gari dogo likiwa limekunja vioo vya pembeni. Fundi wa ujenzi aliniuliza mapema kabisa, mwiko mkononi, "Bosi, hiki kidude kitatokea wapi?" Nami kwa kiburi cha mtu mwenye kiwanja nikamjibu, "Kwani kinakwenda wapi?" Akatikisa kichwa, akaendelea kupanga matofali. Ukuta ukapanda, ukafungwa, ukapigwa lipu upande wa barabarani tu, kama tufanyavyo sie tunaojenga kidogokidogo, na boti ikabaki ndani juu ya trela lake, imeinua pua juu ya ukuta, inachungulia bonde la Goba kama ng'ombe aliyesahauliwa zizini.

Asiyejua Goba ajue kwamba ni vilima. Bahari haionekani wala hainukii. Na ile haikuwa boti ya kuvulia wala ya kubebea watu. Ilikuwa boti ya mbio, nyembamba, pua imechongoka kama sindano ya kushonea magunia, injini mbili nyuma, viti vinne vya ngozi iliyopasuka, na mstari mwekundu ubavuni uliofifia kama kanga iliyofuliwa sana. Kwenye dashibodi palikuwa na saa ya mwendo iliyogoma kwenye namba ambayo mie, hata kwenye basi la mkoani, sijawahi kuifikia.

Niliipata kwa tajiri wangu wa zamani, mzee wa Kiarabu wa hapahapa mjini, ambaye babu yake naye alikuwa muuza duka. Nilikuwa mtunza stoo kwenye duka lake la vipuri. Ujanani alikuwa anatoka nayo kila Jumapili, anapasua maji mpaka watu waliokuwa ufukweni wanasimama. Magoti yalipomkataa, ikakaa uani nyuma ya stoo, na kazi ya kuifuta vumbi ikawa yangu, ingawa hakuna aliyeniajiri kwa hiyo. Siku anafunga duka kwa mara ya mwisho aliniita.

"Wanangu watamuuzia wa kwanza atakayebisha hodi," aliniambia. "Wewe ndiye uliyekuwa unaifuta. Chukua. Usiilaze njaa tu."

Nilidhani ananitania. Kumbe hakuwa anatania, na kwa jinsi ninavyojijua, nilipaswa kukataa. Mie bahari naiogopa. Sijui kuogelea. Pantoni la Kigamboni, safari ambayo hujamaliza hata kutafuna karanga zako inakwisha, nilikuwaga natapika. Basi boti ya mbio ikapelekwa kwa mtu anayetapika kwenye pantoni, ikapandishwa mlimani, ikawekwa pale kwenye kipande pekee cha kiwanja changu kilicho tambarare.

Lakini ngoja nikwambie jinsi ilivyokuwa tamu.

Saa tisa alasiri, nikitoka kula, nilikuwa napanda ngazi ya mbao, nakaa kiti cha dereva, naushika usukani. Wakati wa masika, mvua ikishapita, bonde lote linajaa ukungu mweupe, migomba inazama, na nyumba za ng'ambo zinabaki vipandevipande kama visiwa. Mabati yanameta. Jogoo wa mtu anawika mbali, sauti inakuja imelowa. Nikiupeleka usukani kushoto kidogo, naapa, kilima kizima kilikuwa kinageuka pamoja nami. Nimefika Pemba namna hiyo. Nimefika Mafia, nimeizunguka, nimewapungia watu mkono, nimerudi kabla chai haijapoa. Kiangazi, vumbi jekundu likipanda kutoka barabarani, nilikuwa nafumba macho nalihesabu kuwa ni povu la nyuma ya injini. Wakati mwingine sikwenda popote. Nilielea tu. Kuna aina ya usingizi ambayo haiko kitandani wala kwenye kochi, iko kwenye kiti cha ngozi iliyopasuka chenye joto la jua, na mie ndiye niliyeigundua.

"Baba watoto," mke wangu alikuwa anapaza sauti kutoka jikoni, "ukifika Unguja niletee karafuu."

"Zimekwisha, wameniambia nirudi kesho."

"Basi shuka uchote maji, nahodha."

Nahodha. Jina hilo alilianzisha mama mwenye genge la mboga nje ya ukuta wetu, jirani ambaye ulimi wake hauna breki. Kila nilipokwenda kununua nyanya alikuwa ananiuliza hali ya bahari. Nami nilikuwa namjibu kwamba leo imechafuka, nipunguzie nyanya moja.

Haya yote yangeendelea mpaka nazeeka, kama si mama mkwe.

Mama mkwe alikuwa anaishi Temeke, peke yake, kwenye nyumba aliyoachiwa na marehemu mume wake. Macho yake yalikuwa yanamwacha taratibu. Mke wangu alirudi kutoka kumtazama jioni moja, akakaa ukingo wa kitanda bila kuvua mtandio.

"Juzi kamimina sabuni ya maji kwenye kikaango, akidhani ni mafuta," alisema. "Ananisimulia huku anacheka. Mie sikuweza kucheka."

"Aje hapa," nikasema papo hapo, na nilimaanisha. "Chumba cha mwisho kipo."

Lakini mwenyewe akakataa. Nilimsikia kwenye simu, sauti yake ya pwani iliyonyooka, haina haraka: "Mwanangu, nikohoe, mkwe anasikia. Nikiamka kwenda msalani, mkwe anasikia. Akikoroma yeye, nimsikie mie. Hiyo ni aibu, nitakufa kwa kujibana. Nijengeeni chumba cha uani, mlango wangu na choo changu, nitakuja hata kesho." Kwao mkwe ni mtu wa kumsitiri na wewe kusitirika naye, na macho yakipotea adabu hupandishwa kwenye masikio. Hapakuwa na la kubishana.

Uani kwangu palikuwa na kipande kimoja tu kinachoweza kubeba chumba. Kwingine kote ni mteremko. Ukiweka kikombe kinakwenda kwa jirani. Na kwenye kipande hicho ilikuwa imelala boti.

Nikamwita fundi wa boti kutoka Kunduchi, mtu mfupi mwenye mikono iliyokauka kwa gundi ya faiba. Aliizunguka boti mara mbili, akawa anaigonga ubavuni kwa kifundo cha kidole na kusikiliza, kama mtu anayechagua tikiti maji.

"Faiba bado nzima," alisema. "Mbao za chini zimeoza. Injini zote mbili hizi ni vyuma tu sasa."

"Nikitaka kuibadilisha je? Niweke injini moja ndogo, niezeke paa, iwe ya kutembelea na familia polepole?"

Alinitazama. "Braza, hii imeumbwa kukimbia. Tumbo lake limechongoka. Ikienda polepole inalewalewa, kila wimbi inalisalimia. Inabadilika, nitakata hapa, nitaongeza ubao hapa, nitaweka uzito chini, itatulia, itachukua watu wanne na ndoano zao. Lakini anayebadilisha boti lazima awe na bahari. Wewe unayo?"

Nikatazama bonde. Siku hiyo hapakuwa hata na ukungu wa kunisaidia.

"Kama huna," akaendelea, "niuzie mie. Nitaibadilisha huko huko maji yaliko." Kisha akageuka kutazama geti, akarudi kutazama boti, akatazama geti tena. Sitaandika alichosema. Kilihusu mtu aliyejenga.

Nikamwambia nitafikiri. Na nikafikiri kweli, wiki nzima, wiki mbili, nikiwa ndani ya boti yenyewe, mahali pabaya kabisa pa kufikiria kuiuza. Nikiamua kuuza, namwona tajiri wangu anasema usiilaze njaa. Nikiamua kuibadilisha, nasikia tumbo langu linapanda pantoni. Ndipo nikapata wazo la tatu. Nikachukua futi kamba, nikapima, nikachora kwenye daftari la mtoto, nikamwita mke wangu.

"Tusiitoe," nikasema. "Tung'oe viti, tupige dari, tukate mlango ubavuni. Ndiyo chumba chenyewe."

"Mama yangu alale kwenye boti."

"Ikishaezekwa si boti tena."

"Ni nini?"

"Ni chumba. Chenye pua."

Alicheka mpaka akakaa chini. Halafu akaacha kucheka, akaendelea kukaa pale chini, na hilo ndilo lililoniumiza. "Mume wangu," alisema, "mama anamimina sabuni kwenye kikaango." Akaondoka na daftari.

Hata hapo sikuamua. Fundi wa Kunduchi alikuwa ananipigia simu, namjibu, "Bado naangaliaangalia."

Jumamosi moja mke wangu akaenda Temeke kumchukua mama yake, aje aone kiwanja na aseme anataka mlango wake uelekee wapi. Alikuwa ameniambia. Alikuwa ameniambia mara tatu. Mie nilikula, nikajifunga kikoi, nikavua shati kwa sababu ya joto, nikapanda. Upepo ulikuwa mwanana, mabati ya ng'ambo yanameta kama maji ya saa saba. Nakumbuka nilikuwa naikaribia Kilwa.

Kilichofuata nilisimuliwa. Waliingia getini, mama mkwe ameshikwa mkono, na hatua ya tatu akasimama. Kulikuwa na sauti inatoka angani.

"Nini hicho?"

"Ni baba watoto, mama. Amelala kwenye boti."

Amesikia mkwe anakoroma. Basi mama wa watu akavuta mtandio usoni, akageuka, akatoka nje alikotoka. Mke wangu akamsihi aingie tu sebuleni, akagoma. Alisema hawezi kumpita mkwe aliyelala, na hawezi kukubali mkwe aamshwe kwa ajili yake. Akaenda kukaa gengeni, juu ya kreti la soda, kwenye jua, kwa sababu kivuli cha genge saa ile kilikuwa kimeshahamia upande wa nyanya. Muda gani, sijui. Mke wangu anasema mrefu. Aliniacha makusudi nilale, na simlaumu.

Niliamshwa na sauti ya jirani kutoka upande wa pili wa ukuta: "Nahodha! We nahodha! Tia nanga! Mkweo anaungua na jua huku!"

Nilishuka bila ngazi. Nikavaa shati, vifungo vimepishana, nikatoka mbio. Alikuwa amekaa kwa heshima zake zote, ndala amezivua na kuzipanga sambamba mbele ya miguu, mikono magotini, jasho limemlowesha paji la uso.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mkwe wangu," alisema kwa upole kabisa. "Pole na safari."

Mke wangu akageuka upande. Mama mwenye genge akashika mdomo. Mie ningecheka pia, kwa sababu ni mzaha mzuri. Lakini nilikuwa nimesimama kulia kwake, na maneno yale alikuwa ameuambia mlingoti wa genge, ulio kushoto. Aliutazama mlingoti ule huku anatabasamu, akisubiri nijibu.

Nikahama. Nikaenda kusimama karibu na ule mlingoti, ili asikose kunitazama.

"Nimesharudi, mama," nikasema. "Mlango wako unaupenda uelekee wapi?"

Akafikiri. "Huku kwenye genge. Nisikie watu."

Jioni hiyo nilimpigia fundi wa Kunduchi, nikamwambia aje aichukue. Kisha nikampigia tajiri wangu wa zamani, maana sikutaka asikie kwa watu. Sauti yake imekuwa nyembamba. Nilimweleza kila kitu, mpaka habari ya geti.

"Itaingia majini?" aliuliza.

"Itaingia, lakini itakwenda polepole. Ataikata, ataiwekea injini moja ndogo."

"Maji ni maji," alisema. "Mpe."

Ukuta niliubomoa mwenyewe upande wa genge, kwa nyundo kubwa ya kuazima, tofali kwa tofali, na kila tofali nililikumbuka lilivyopanda. Fundi alikuja asubuhi na vijana wake wawili na pikapu. Wakajaza upepo kwenye matairi ya trela, wakavuta. Boti ikalia, ikatikisika, ikatoka kwenye lile tundu kwa nafasi ya kiganja kila upande. Ikaanza kuteremka barabara ya vumbi, pua mbele, inapita katikati ya migomba na fensi za michongoma, inainuka kwenye matuta na kushuka, inainuka na kushuka. Kulikuwa na ukungu kidogo siku hiyo. Sikuona trela, sikuona pikapu. Niliona boti peke yake inakwenda, mstari wake mwekundu unaonekana na kupotea, na watu wamesimama pembeni kuitazama kama walivyokuwa wanasimama zamani ufukweni. Ikakata kona. Nikabaki naangalia kona.

Uani palikuwa na mstatili wa udongo mkavu, mweupe, ambao mvua haijaugusa kwa miaka. Nikaenda kusimama katikati yake. Nilikuwa karibu kufumba macho, nakiri, mama mwenye genge alipochungulia kwenye tundu la ukuta, fungu la mchicha mkononi, akanitazama juu mpaka chini.

"Nahodha, hiyo boti imetembea leo kuliko miaka yote uliyoilalia," akasema. "Sasa shika sururu uchimbe choo cha mkweo."