Mbuzi wa Ukweni kwa Bei ya Bajeti

Aibu niliyoipata ukweni mwaka jana bado inanichoma, na ningeinyamazia kabisa, lakini kwa vile shemeji yangu Lemayian ameshaitangaza kutoka Namanga mpaka Ngong, afadhali muisikie kwangu mwenyewe kabla hajaiongezea chumvi zaidi.

Mnajua niliacha kazi kiwandani nikiwa na miaka hamsini na moja. Sikufukuzwa (hilo naomba lieleweke), kampuni ilisema anayetaka kuondoka mapema apewe chake aende, nami nikapiga hesabu nikaona tukijibana tutafika, nikachukua changu na kurudi nyumbani Kitengela kuwa waziri wa fedha. Nasema waziri kwa sababu ndivyo mke wangu Naserian alivyoanza kuniita, na hakuwa ananisifu. Nilikuwa nimegundua kwamba bajeti ya mwezi inadanganya, mwezi unaweza kupita vizuri kabisa, halafu Januari ikaja na karo, bima ya gari na lori la maji kwa wiki moja (sisi huku maji tunanunua), kwa hivyo nikaanza kupanga mwaka mzima kwa mpigo. Kila jambo nililiwekea kifungu chake: maji, gesi, karo, kanisa, matanga, ukweni. Naserian akitoka sokoni nilimuuliza bei ya sukumawiki kabla hajatua kikapu. Nilikuwa mtu wa kuchosha sana, hilo nakubali.

Sasa habari kwamba nimeacha kazi ilifika kwao Naserian, mbele ya Kajiado, ikiwa imeharibikia njiani. Walisikia nimefutwa. Baba mkwe wangu, Mzee Parsaloi, akatuma ujumbe kwamba twende tukaongee, yeye na wazee wenzake wanataka kusikia kutoka kinywani mwangu binti yao ataishi vipi. Wiki ile Naserian hakulala vizuri. Alikuwa na hofu kwamba huko kwao ataanza kutazamwa kama mtu wa kusaidiwa, na hilo lilimuuma kuliko ile pesa yenyewe.

Akaniambia, "Baba Mumo, mimi sitaki kuonewa huruma kwetu. Twende vizuri, na tubebe mbuzi ya maana."

Mbuzi mwenyewe alishamwona kwa jirani yetu mfugaji, amenona, bei elfu kumi na mbili na haipungui. Mimi nikaangalia kifungu cha ukweni. Tulikuwa Novemba na kifungu kimebaki mifupa mitupu, maana mwaka ule ukweni kulikuwa na harusi na matanga pia. Nikasema hapana, tutanunua mnadani njiani, huko nitabishana na dalali na tutaokoa kitu. Uamuzi wenyewe ulikuwa mdogo hivyo tu.

Tulipofika mnadani Naserian akaenda madukani kutafuta sukari na majani chai, nami nikaingia kwenye vumbi na kelele za mifugo. Nikampenda mbuzi mmoja jike, mweusi mwenye mkanda mweupe tumboni. Dalali akasema elfu kumi. Nyuma ya dalali alikuwa amekaa mama mwenye mbuzi, amejifunika shuka ya zambarau, na nilipokaribia akaivuta mpaka ikafunika kichwa chote, halafu akanipa mgongo. Mtu mwenye akili angejiuliza kuna nini. Mimi nilijiambia huyu ana shida ya haraka na anaona haya, hapa ndipo pa kukaza.

Nikakaza kweli. Nikamfungua mbuzi mdomo kukagua meno (sijui chochote kuhusu meno ya mbuzi), nikamshika mgongo, nikatikisa kichwa kama daktari mwenye habari mbaya, nikataja bei yangu, kisha nikasema kwa sauti ya juu ili yule mama asikie vizuri, "Hii si mbuzi, hii ni mifupa na kelele. Mwambie huyo mama nikienda hapa atarudi nayo nyumbani." Dalali akainama, mama akamnong'oneza bila kugeuka, na dalali akarudi kwangu akiwa na uso wa mtu asiyeelewa.

"Amesema nikupe na hiyo bei yako, uende."

Elfu sita na mia tano! Nililipa haraka kabla hajabadilisha mawazo, nikamtia mbuzi nyuma ya gari, na njia nzima nikawa napiga mluzi. Naserian alikuwa anafanya mazoezi ya yale atakayosema.

Nyumbani kwao tulipokewa vizuri. Wazee walikuwa wamekaa kivulini kando ya nyumba na mchungaji wa kanisa lao, tukasalimiana, "Sopa," "Epa," chai ikaja. Mama mkwe hakuwepo, wakasema ametoka kidogo atarudi, nami sikuuliza zaidi, maana kwa Wamaasai, kama kwetu Ukambani, mkwe wa kiume na mama mkwe huheshimiana kwa mbali. Hamkai pamoja, hamtazamani usoni, mkikutana kwa ghafla mmoja anajifunika au anapinda njia nyingine. Yeye huniita Paker kwa ajili ya kondoo niliyempa wakati wa harusi, salamu zetu hupitia kwa Naserian, na uso wake, kusema ukweli, siujui vizuri hadi leo.

Basi nikasimama kujieleza. Nikawaambia sikufutwa, nikaeleza mpango wa mwaka mzima, karo iko, maji yako, na wazee wakawa wanaitikia kwa kichwa na nikamwona Naserian mabega yameshuka, anapumua. Hapo ndipo ningekaa. Lakini mzee mmoja akasema, "Na mbuzi umeleta mzuri," na sifa hainipiti mimi hivi hivi. Nikawasimulia mnada wote. Nikamwigiza dalali, nikamwigiza yule mama alivyojifunika, nikarudia maneno ya mifupa na kelele, nikasema mtu anayejua kutunza pesa haogopi kumbana muuzaji mpaka atoe jasho.

Wakatazamana. Nikadhani wamevutiwa.

Lemayian alikuwa amemshika mbuzi, anatazama masikio. Kila familia huko ina namna yake ya kukata masikio ya mifugo, na mimi ndani ya miaka kumi na tisa ya ndoa sikuwahi kujifunza ya kwao. Akaniuliza taratibu, "Shemeji, huyo mama alikuwa na shuka ya rangi gani?"

"Zambarau," nikasema.

Akamwachilia mbuzi. Mbuzi hakuuliza njia, alipita katikati ya wazee akaenda moja kwa moja hadi kwenye zizi, akasimama mlangoni akilia afunguliwe. Naserian akaweka kikombe chini na kujifunika uso kwa mikono miwili. Mara pikipiki ikaingia, imebeba mama mmoja na unga na mchele, naye alipoona gari letu akavuta shuka ya zambarau kichwani na kugeuka. Mgongo ule niliutambua papo hapo. Nilitamani ardhi inimeze na gari langu pamoja.

Mzee Parsaloi ndiye aliyeanza. Alicheka mpaka akafuta machozi, akasema, "Mimi sasa nimeshiba. Mtu anaweza kubana mama mkwe hivyo, watoto wake hawawezi kulala njaa." Wazee wote wakacheka, mchungaji naye, na mimi nikacheka kwa sababu sikujua la kufanya na uso wangu.

Lakini Naserian hakucheka, aliingia ndani kwa mama yake. Akakaa huko muda mrefu. Alipotoka macho yalikuwa mekundu na mkononi ana leso iliyofungwa fundo, akanivuta pembeni nyuma ya gari.

"Ameuza mbuzi kwa sababu alisikia huna kazi," akaniambia. "Mchele ni wa kutupikia sisi. Zilizobaki ni hizi, amesema ni za karo ya Mumo. Amesema pia, mwambie Paker, kama angeongeza kidogo pale mnadani, zingekuwa nyingi."

Nilisimama pale na leso mkononi na machozi yakanitoka, sioni haya kusema. Nilikuwa nimembana mama wa watu kwa pesa aliyokuwa anatafutia binti yangu, naye akakubali ili tu asinivunjie heshima mbele ya dalali. Kuirudisha kungekuwa kumtukana mara ya pili. Nikaichukua, nikamtuma Naserian anishukurie, na akarudi mara tatu maana kila shukrani niliyotuma niliona haitoshi.

Tulirudi Kitengela bila mluzi. Bajeti ya mwaka bado naandika, sina ujanja, pesa ya kustaafu haiongezeki. Lakini kifungu cha ukweni nilimkabidhi Naserian usiku ule ule, anakitumia atakavyo na simuulizi, na tukipita mnadani mimi nakaa ndani ya gari, vioo nimefunga.